Karl Paul Link na damu iliyokataa kuganda

Katika kurasa hizi za wasifu tumezoea kuletewa akina Nyerere, Lumumba na Nkrumah, na mimi sina ugomvi wowote na wazee wetu hao. Ila safari hii naomba nafasi niwaletee mkemia mmoja wa Kimarekani ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake. Kama una mzazi au shangazi kule nyumbani aliyewekewa vali ya chuma kwenye moyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba leo hii anameza kidonge kilichoanzia mikononi mwa bwana huyu. Na kama nyumbani kwenu mliwahi kuwatilia panya sumu inayowaua baada ya siku kadhaa, basi hapo pia mmekutana naye, kwa sababu dawa ya moyo na sumu ya panya ni kitu kimoja. Jina lake ni Karl Paul Link.

Mimi ni mhandisi, si daktari. Kazi ninayosomea inafanyika ndani ya kompyuta: tunachukua maelfu ya molekuli za mimea, hasa zile ziitwazo polifenoli (hizo ndizo zinazoipa chai ukakasi na zabibu rangi yake), halafu programu inajaribu kuipachika kila moja kwenye tundu la protini zinazogandisha damu, kama mtu mwenye shada la funguo anayejaribu kufuli moja usiku kucha. Ufunguo unaokaa vizuri unapata alama nzuri. Tunatafuta dawa za mabonge ya damu, yale yanayoziba mishipa ya miguu, mapafu na ubongo. Ukiingia kwenye fani hii, siku za mwanzo tu utalikuta jina la Link, na mimi nilipolikuta niliacha kazi yangu kwa siku mbili nikawa nasoma habari zake.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1901 katika mji wa LaPorte, jimbo la Indiana, mmoja wa watoto kumi wa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma kemia ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison na kupata udaktari wa falsafa mwaka 1925. Kisha akapata ufadhili wa kwenda Ulaya, na hapa sisi tunaoishi kwa barua za ufadhili tunaweza kumwelewa kidogo. Alianzia Uskoti kwa James Irvine, bingwa wa kemia ya sukari. Akaenda Graz, Austria, kwa Fritz Pregl, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923 kwa kubuni njia za kupima vitu kwa kiasi kidogo sana, yaani miligramu chache. Akamalizia Zürich kwa Paul Karrer. Huko huko Ulaya kifua kikuu kikamkamata, akapelekwa Davos kwenye milima ya Uswisi kupumzika. Ugonjwa huo hakuachana nao moja kwa moja, na utarudi tena katika hadithi hii.

Mwaka 1927 alirudi Wisconsin kama mwalimu, na hakuondoka tena hadi kustaafu. Mwaka 1930 alimwoa Elizabeth Feldman, wakapata watoto watatu wa kiume.

Kazi yake ya kwanza ya maana watu wengi huiruka, ila mimi naipenda kwa sababu inahusu polifenoli. Wakulima wa vitunguu walikuwa wameona kwamba vitunguu vyekundu na vya njano havishambuliwi na ukungu fulani unaovichafua vitunguu vyeupe. Link akishirikiana na J. C. Walker, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, walichukua yale maganda makavu ya nje, yale ambayo mama zetu huyatupa, wakatoa ndani yake asidi ya protokatekuiki mwaka 1929 na katekoli mwaka 1933. Vyote viwili ni vya ukoo wa fenoli, na vyote viwili vinazuia ukungu ule. Hiyo ilikuwa mojawapo ya mara za mwanzo kabisa mtu kuonyesha kwa kemia, siyo kwa kubahatisha, kitu kinachoukinga mmea na ugonjwa. Kwa hiyo kabla hajagusa damu Link alikuwa tayari ameshika kamba inayounganisha ukungu, mmea na fenoli.

Sasa tufike kwenye ng'ombe. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini ya Marekani walipoteza mifugo kwa namna ya ajabu. Ng'ombe anakatwa pembe, au dume linahasiwa, kidonda kidogo tu, na damu haikatiki mpaka mnyama anakufa. Wengine walikufa kwa kuvujia ndani bila hata kidonda. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario aligundua kwamba chakula ndicho chanzo: majani makavu ya mmea wa jamii ya kunde uitwao Melilotus, ambao ulipendwa kwa kuwa unaota hata kwenye ardhi mbovu, lakini ukivunwa wakati wa mvua unapata ukungu ghalani. Schofield alichambua mabua mazuri na mabovu kutoka ghala moja, akawalisha sungura tofauti. Waliokula mazuri wakabaki wazima, waliokula mabovu wakafa. (Huyu Schofield naye anastahili ukurasa wake siku moja. Alikuwa Korea mwaka 1919 wakati wa harakati za kudai uhuru kutoka kwa Wajapani, na Wakorea walimzika Seoul katika makaburi ya taifa.) Baadaye L. M. Roderick wa North Dakota akaonyesha kwamba wanyama hao wamepungukiwa protrombini, protini ambayo bila hiyo damu haigandi.

Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana, chakula kilijulikana, na hata kilichopungua kwenye damu kilijulikana. Kitu chenyewe ndani ya majani hakuna aliyekijua.

Februari 1933, siku ya Jumamosi, mfugaji mmoja wa Deer Park, kaskazini-magharibi ya Wisconsin, aliendesha gari karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji hadi Madison. Alikuwa na mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa kilo 45 hivi za majani aliyokuwa akiwalisha ng'ombe wake. Alimtaka daktari wa mifugo wa jimbo. Ofisi ilikuwa imefungwa. Akazunguka mpaka akaukuta mlango wa jengo la kemia uko wazi, akaingia kwa Link.

Ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, jamani. Mtu huyu hana chakula kingine cha mifugo wala pesa ya kununua. Link angemwambia nini? Alimweleza kwamba aache kuwalisha majani yale na, kama inawezekana, awaongezee ng'ombe waliobaki damu nzuri. Ushauri sahihi kabisa, na kwa mkulima maskini hauna maana yoyote. Mtu akarudi kwenye theluji yake.

Aliyechemka zaidi ni mwanafunzi wa Link, Mjerumani aitwaye Eugen Wilhelm Schoeffel. Baada ya mkulima kuondoka alikuwa akitumbukiza mikono ndani ya damu ile na kuikoroga, huku akilalamika kwa mchanganyiko wa Biblia, Goethe na Shakespeare, kwamba mkulima kapewa maneno matupu. Wawili hao walifanya kazi mpaka usiku siku ile ile. Link mwenyewe alikisimulia kisa hiki miaka mingi baadaye, katika mhadhara uliochapishwa na jarida la Circulation mwaka 1959, na ukiusoma unaona kwamba yule mkulima hakumtoka moyoni.

Wapo wanaosimulia kana kwamba Link aligundua dawa kwa bahati ya mlango uliokuwa wazi. Mimi sikubali. Miezi miwili kabla, Desemba 1932, alikuwa ameshaanza kuushughulikia mmea huo huo, kwa sababu wataalamu wa uzazi wa mimea chuoni pale walitaka aina isiyo na kumarini nyingi. Kumarini ndiyo inayoyapa majani hayo harufu tamu, ila ladha yake ni chungu na ng'ombe hawaipendi. Mfugaji alibisha kwenye mlango wa mtu ambaye tayari alikuwa na kumarini mezani.

Na baada ya hapo ilichukua miaka sita. Fikiria tatizo lenyewe. Una gunia la majani mabovu yenye kemikali maelfu, moja tu ndiyo muuaji, nayo ni kidogo mno. Kila unapochuja na kugawanya, lazima ujue sumu imekwenda kwenye chupa ipi, na njia pekee ya kujua ni kumlisha sungura, kisha kupima damu yake. Lakini sungura nao wanatofautiana, huyu anaathirika sana na yule haathiriki, kwa hiyo ilibidi kwanza watafute sungura wa kuaminika na kipimo cha kuaminika. Hiyo peke yake ilikula muda mrefu. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1939 mwanafunzi Harold Campbell aliona fuwele chini ya hadubini. Alikusanya miligramu 6. Hapo mafunzo ya kule Graz kwa Pregl yalilipa. Mwanafunzi mwingine, Mark Stahmann, akafanya kazi ya miezi minne na kupata gramu 1.8, kiasi cha kutosha kufanyia uchunguzi, na pamoja na Charles Huebner wakajua umbo lake: molekuli mbili za kumarini zilizobadilishwa kidogo, zimeungwa na kaboni moja katikati. Tarehe 1 Aprili 1940 walikuwa wameitengeneza wenyewe maabarani. Ikaitwa dikumaroli.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa kompyuta naguswa. Dikumaroli haimo ndani ya mmea mzima. Mmea una mali ghafi tu, na kumarini yenyewe haizuii damu kuganda. Ukungu ndio unaozibadilisha na kuziunganisha mbili mbili. Sisi tunapopakua orodha ya kemikali za mmea kwenye hifadhi za data, tunapata mmea msafi, si gunia lililooza ghalani. Tungemchunguza Melilotus mzima na muuaji asingekuwemo kwenye orodha.

Tuseme basi amewekwa. Programu nyingi za fani yetu zinalenga trombini, ambayo umbo lake limejulikana tangu mwaka 1989, au faktori Xa, kwa sababu ndizo zinazofanya kazi ndani ya damu. Dikumaroli haizigusi kwa namna ya maana. Ukiitia kwenye chupa ya damu, damu inaganda kama kawaida. Inafanya kazi ndani ya ini: inazuia vitamini K isitumike tena na tena, na bila vitamini hiyo ini linatoa protrombini isiyokamilika. Ndiyo maana athari huonekana baada ya siku mbili tatu, protrombini ya zamani inapokwisha. Kufuli lenyewe, kimeng'enya kinachoirudisha vitamini K kazini, lilikuja kutambulika miaka ya 1970. Jeni yake ikapatikana mwaka 2004, na picha kamili ya umbo la kimeng'enya cha binadamu pamoja na dawa ikiwa imekaa ndani yake ikachapishwa mwaka 2021. Miaka 82 baada ya miligramu 6 za Campbell! Ufunguo ulipatikana muda mrefu kabla ya kufuli, na waliousaka walikuwa na sungura tu.

Link na wenzake walionyesha pia kwamba vitamini K ndiyo kiuasumu cha dikumaroli. Baadhi ya madaktari hawakuamini mwanzoni, naye hakuchoka kubishana nao. Tangu mwaka 1941 dawa ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa, pale Mayo Clinic na katika hospitali ya Wisconsin. Hati miliki ilikabidhiwa kwa WARF, taasisi ya wahitimu wa Wisconsin iliyoanzishwa mwaka 1925 ili faida ya uvumbuzi irudi kwenye utafiti wa chuo.

Mwaka 1945 alitoka kwenda kupiga kasia, akalowa mvua, na kifua kikuu kikarudi. Akalazwa miezi mingi sanatoria. Mtu mwingine angesoma riwaya. Yeye alisoma historia ya vita vya binadamu na panya, akapata wazo: sumu inayofanya kazi polepole ni bora, kwa sababu panya hahusishi chakula na kifo, haogopi mtego. Dikumaroli ilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo. Lakini maabara yake ilikuwa imetengeneza ndugu zake wapatao 150, zikiwa na nambari tu. Aliporudi kazini walizipima upya, na nambari 42 ikawapita wote. Mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya kwa jina la warfarini: herufi za WARF, na mkia wa kumarini.

Ukiangalia vizuri, hapo Link alifanya kile kile tunachofanya sisi. Orodha ya molekuli zinazofanana, kipimo kimoja, chagua mshindi. Tofauti ni kwamba orodha yake ilikuwa na 150 na kila moja imetengenezwa kwa mikono. Zetu ni laki na malaki, na nyingi kati yake hakuna aliyewahi kuzishika.

Kwa binadamu nani angethubutu? Watu walisita kutumia sumu ya panya kama dawa. Mwaka 1951 kijana mmoja aliyeandikishwa jeshini Marekani aliimeza kwa siku kadhaa akitaka kujiua. Hospitali walimpa vitamini K na damu, akapona kabisa. Kisa hicho kiliwaonyesha madaktari kwamba mwili wa mtu unaweza kurudishwa. Mwaka 1954 warfarini iliidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo alikuwa miongoni mwa waliopewa. Mwaka huo huo Link alipata Tuzo ya Lasker, akaipata tena mwaka 1960.

Kama mtu, hakuwa wa kawaida. Alivaa tai kubwa za kipepeo, mashati ya flaneli na joho lililopepea, Madison nzima ikimjua kwa mbali. Alikubali kuwa mlezi wa vikundi vya wanafunzi wa mrengo wa kushoto, kikiwemo cha kujadili Karl Marx, wakati ambapo seneta wa jimbo hilo hilo, Joseph McCarthy, alikuwa akiwawinda wakomunisti nchi nzima. Sisi tunaojua ilivyo shida kumpata mlezi wa chama chetu tunaweza kupima uzito wa saini hiyo. Alistaafu mwaka 1971, akafariki tarehe 21 Novemba 1978.

Nyumbani warfarini bado ina kazi. Tangu mwaka 2010 zimekuja dawa mpya za vidonge, dabigatrani, kisha rivaroksabani na apiksabani, zisizohitaji kupima damu kila mara. Lakini mwenye vali ya chuma hapewi hizo. Jaribio la dabigatrani kwa watu hao lilisitishwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, kwa sababu mabonge na kuvuja damu vilizidi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao kwetu unawakamata vijana. Waliotumia dawa za ukoo wa warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Binafsi nilitarajia dawa mpya ishinde.

Shida ya warfarini ni dozi. Ikipungua bonge linarudi, ikizidi mtu anavuja damu, na kila mmoja ana kiwango chake. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vimejaa vitamini K, kile kiuasumu cha Link, kwa hiyo anayekula mboga nyingi wiki hii na kuacha wiki ijayo anayumbisha dawa yake. Si lazima aache mboga, ila ale kwa kiasi kilekile kila wiki, na daktari apange dozi kufuatana na hapo. Jeni nazo zina lao. Mwaka 2013 utafiti mkubwa wa Marekani ulijaribu kupanga dozi kwa kutumia jeni, na wagonjwa weusi waliopangiwa hivyo walikaa kwenye kiwango salama muda mfupi kuliko weusi waliopangiwa bila jeni. Fomula haikuwa na aina za jeni zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, kama ile iitwayo CYP2C9*8.

Hiyo ndiyo kazi ambayo ningependa baadhi yetu tuliomo kwenye fani za kompyuta tuichukue, hata kabla ya kuwinda polifenoli mpya. Polifenoli zina tabia ya kunata kwenye karibu kila protini unayoziwekea, kwa hiyo hupata alama za kupendeza kwenye kompyuta na hata kwenye chupa, halafu zikimezwa utumbo hupitisha kidogo na ini huzigeuza haraka. Nina orodha yangu ya zilizoshinda. Hatua inayofuata ni kuzipima kwenye damu halisi, na maabara jirani wamekubali kutupa nafasi.

Kwenye orodha hiyo nimeziongeza dikumaroli na warfarini, ingawa si polifenoli halisi na kufuli tulilochagua silo lake. Nataka zipimwe kwenye chupa ile ile na siku ile ile, tuone damu ikiganda.